Saizi ya patani huchaguliwa mabegani

Namba iliyo kwenye lebo ya gauni la dukani haina undugu na namba iliyo kwenye bahasha ya patani, ile karatasi ya mchoro wa kukatia nguo. Anayevaa 12 ya dukani akikata patani ya 12, zipu itagoma katikati ya mgongo, na hapo kitambaa kimeshakatwa. Kwenye patani za kampuni nne, Simplicity, McCall's, Butterick na Vogue, saizi 12 ni kifua sm 87, kiuno sm 67 na nyonga sm 92. Saizi 14 ni 92, 71 na 97. Saizi 16 ni 97, 76 na 102. Saizi 18 ni 102, 81 na 107. Saizi 20 ni 107, 87 na 112. Burda, kampuni ya Ujerumani, wanahesabu kwa namba za Ulaya: 38 yao ni kifua sm 88, na 40 ni sm 92, kwa hiyo upande wa kifua 40 ya Burda inalingana na 14 ya hao wengine. Wabunifu wadogo wanaouza patani kwenye intaneti kila mmoja ana jedwali lake, na wengine hubadili jedwali kutoka toleo moja hadi jingine. Kwa hiyo jedwali la patani uliyoishika mkononi ndilo la kusoma, kila mara, hata kama ni kampuni uliyoizoea.

Tofauti hii ina historia. Ebenezer Butterick, fundi cherehani wa Massachusetts, Marekani, alianza kuuza patani za karatasi zenye saizi mbalimbali mwaka 1863. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1958, serikali ya Marekani ilitoa kiwango cha vipimo vya nguo za wanawake, na mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni za patani zikabadili majedwali yao ili kuzisogelea saizi za dukani. Maduka hayakutulia. Yaliendelea kuzipanua nguo huku namba ikibaki ileile, na kiwango chenyewe kikafutwa mwaka 1983. Patani zilibaki pale zilipokuwa. Ukijikuta uko saizi mbili au tatu juu ya ile ya dukani, usishituke wala usijidanganye kwa kuchukua ndogo. Hiyo namba hakuna atakayeiona nguo ikishashonwa.

Vipimo, na jinsi vinavyoharibika

Anza na futi yenyewe, yaani utepe wa kupimia. Futi ya kitambaa iliyokaa miaka mingi huvutika, na ile ya plastiki hukatika au kuinama ncha. Ilaze kando ya rula ngumu ya sm 30 uone kama zinakubaliana. Vaa sidiria utakayoivaa na nguo hiyo, kwa sababu sidiria mbili tofauti zinaweza kubadili kifua kwa sentimita kadhaa na kupandisha au kushusha ncha ya titi. Funga lastiki nyembamba kiunoni, inama kushoto na kulia, kisha iache itulie yenyewe. Hapo ilipotulia ndipo kiuno chako, na mara nyingi ni juu kuliko unapofungia suruali.

Tafuta mtu akupime. Ukijipima peke yako utainama kusoma namba, na ukiinama tu kifua kinashuka, mgongo unapanuka na futi inateleza nyuma. Kama huna wa kukusaidia, simama mbele ya kioo, kamata futi kwa vidole mahali ncha yake inapokutana na utepe, ivue bila kuachia, kisha soma.

Kifua cha juu hupimwa futi ikipita chini kabisa ya makwapa, juu ya matiti, na mgongoni ikipanda kidogo. Hiki kaza kiasi. Kifua kamili hupimwa kwenye ncha za matiti, futi ikiwa sambamba na sakafu mzunguko wote. Hapa futi iguse tu, isibane. Kiuno kipime kwenye lastiki. Nyonga zipime pale zilipojaa zaidi, miguu ikiwa pamoja, na usikisie ni wapi: telezesha futi juu na chini mpaka upate namba kubwa kuliko zote. Kwa wengi huwa kati ya sm 18 na 23 chini ya kiuno, lakini wenye mapaja yaliyojaa huipata chini zaidi. Andika na huo umbali pia, maana patani ina mstari wake wa nyonga na usipolingana na wako, upana utakuwepo ila mahali pasipo pako.

Kisha urefu wa mgongo, kutoka kwenye mfupa unaochomoza shingoni unapoinamisha kichwa hadi kwenye lastiki. Kwenye jedwali la zile kampuni nne, saizi 12 ina mgongo wa sm 41.5, saizi 14 ina 42 na saizi 16 ina 42.5. Angalia hapo: mzunguko wa kifua umeongezeka sm 5, urefu umeongezeka nusu sentimita tu. Ndiyo maana mtu mfupi hapaswi kuchukua saizi ndogo kwa sababu ya ufupi, wala mrefu kuchukua kubwa. Urefu hurekebishwa kwenye mistari miwili iliyochorwa kwenye karatasi kwa kazi hiyo: unakata hapo na kupachika karatasi, au unakunja. Ongeza pia kipimo kutoka shingoni juu ya bega hadi ncha ya titi, na mzunguko wa mkono wa juu. Vingine vyote vinaweza kusubiri.

Kwa nini mabega

Patani ikipanda saizi moja, haiongezeki kifuani pekee. Shingo inapanuka, bega linarefuka, tundu la mkono linashuka, mgongo unatanuka. Matiti hayakai mgongoni. Mwenye matiti makubwa akichagua saizi kwa kifua kamili, atapata gauni linalomtosha kwenye ncha za matiti na kumpwaya kila mahali pengine: mshono wa bega umeangukia mkononi, shingo imeachama, na chini ya kwapa kuna kitambaa kilichojikunja. Kuirekebisha shingo, bega na tundu la mkono baada ya hapo ni kazi ngumu kuliko zote kwenye ushonaji, kwa sababu vitatu hivyo vinategemeana na kola na mkono vinavifuata. Kiuno na nyonga ni mshono wa ubavuni tu. Kwa hiyo chagua saizi kwa sehemu ngumu, kisha rekebisha iliyo rahisi.

Patani nyingi za wanawake zimechorwa kwa sidiria ya kikombe B, yaani tofauti ya kama sm 5 kati ya kifua cha juu na kifua kamili. Ukitoa moja kwa nyingine ukapata zaidi ya sm 5, achana na kifua kamili wakati wa kuchagua saizi. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kukichukua kifua cha juu na kukisoma kwenye jedwali kana kwamba ndicho kifua. Inafaa kwa zile kampuni nne, ambazo patani zake huwa na nafasi ya kutosha. Ya pili ni kujumlisha sm 5 kwenye kifua cha juu na kuisoma namba hiyo. Inafaa kwa patani zinazofuata mwili kwa karibu. Zikikupa saizi mbili tofauti, karatasi ndiyo itakayoamua: pima bega la patani kutoka mstari wa mshono wa shingo hadi mstari wa mshono wa mkono, ulinganishe na bega lako. Na kama kampuni inatoa patani zenye vikombe tofauti, B, C, D na kuendelea, chukua kikombe chako na kazi imepungua nusu.

Chukua mwili huu: kifua cha juu sm 95, kifua kamili 102, kiuno 84, nyonga 112. Anayesoma kifua kamili atakata saizi 18. Lakini tofauti ni sm 7. Kwa njia ya kwanza, 95 iko karibu na 97, ambayo ni saizi 16. Kwa njia ya pili, 95 na 5 ni 100, katikati ya 16 na 18. Mabega yakiwa ya kawaida au membamba, ni 16.

Sasa saizi 16 ina kifua 97 na mwili una 102, zimepungua sm 5. Karatasi ya mbele ni nusu ya mbele, kwa hiyo unaongeza sm 2.5 tu. Chora mstari wima kutoka ncha ya titi hadi kiunoni, na kutoka ncha hiyo hiyo kupanda hadi theluthi ya chini ya tundu la mkono. Chora mwingine kupita katikati ya dati ya ubavuni, ule mkunjo unaoshonwa kwa kuchongoka, hadi kwenye ncha ya titi. Kata mstari wa kwanza kuanzia kiunoni hadi ubakize milimita mbili kabla ya mstari wa mshono wa tundu la mkono, karatasi ishikilie hapo kama bawaba. Kata na ule wa dati, nao ubakize kidogo kwenye ncha. Sogeza ubavu nje mpaka pengo la wima liwe sm 2.5 kutoka kwenye ncha hadi kiunoni, kingo zote mbili zikiwa sambamba. Dati itapanuka yenyewe. Utaona upande wa katikati ya mbele umebaki mfupi. Ukate kwa mlalo chini ya titi, uushushe mpaka ulingane na ubavu, upachike karatasi nyuma.

Hapa ndipo wengi hukosea mara ya pili. Lile pengo limeshuka mpaka kiunoni, kwa hiyo kiuno nacho kimeongezeka sm 5 kwa mzunguko mzima. Saizi 16 ilikuwa na kiuno 76, sasa ni 81. Unahitaji 84, zimebaki sm 3. Mishono ya ubavuni ni miwili, kila mmoja una kingo mbili, jumla kingo nne: sm 0.75 kwa kila ukingo. Aliyesahau pengo na kuchora moja kwa moja kutoka kifua cha 16 hadi kiuno cha 20 atajaza upana mara mbili na kushangaa kwa nini gauni limekuwa gunia. Kama gauni lina mshono wa kiunoni, sketi yake ikate saizi 20 kwa ajili ya nyonga za 112, kisha kwenye kiuno chake cha 87 punguza sm 3 kwa hesabu ileile ili sehemu mbili zikutane.

Ulegevu

Vipimo vya jedwali ni vya mwili. Usijumlishe kitu kabla ya kusoma. Kosa hili ni la kawaida mno: mtu anapima kifua 92, anasema nataka kupumua, anafanya 97, anachukua saizi 16, na mbunifu naye alishaongeza sm 10 zake. Mwisho wa safari nguo inapwaya saizi nzima.

Nguo iliyomalizika lazima iwe pana kuliko mwili, la sivyo hutakaa wala kunyanyua mkono. Kwa kitambaa kisichovutika, kima cha chini ni kama sm 5 kifuani, 2.5 kiunoni na 5 kwenye nyonga. Zaidi ya hapo ni mtindo. Kwa magauni na blauzi za McCall's na Vogue, nguo inayoelezwa kuwa ya kubana ina ulegevu wa kuanzia sifuri hadi sm 7.3 kifuani, ya kukaa mwilini, sm 7.5 hadi 10. Ya kukaa mwilini kiasi, sm 10.4 hadi 12.5, pana, sm 13 hadi 20.5. Ndiyo maana picha ya bahasha peke yake haitoshi. Mwanamitindo anaweza kubanwa pini mgongoni.

Tafuta kipimo cha nguo iliyomalizika. Huwa kimechapwa kwenye karatasi ya mbele kando ya duara dogo lenye msalaba ndani, au kwenye maelezo. Kwenye kipimo hicho toa kile cha mwili wako na utaona ulegevu utakaoupata. Kikiwa 107 kwa saizi 16 na kifua chako ni 97, una sm 10. Ukiona ni mwingi kuliko unavyopenda, hapo una sababu ya kweli ya kushuka saizi, mradi mabega yanakuruhusu. Kisipoandikwa popote, pima karatasi: mbele na nyuma, kutoka mstari wa mshono hadi mstari wa mshono, ukiruka dati na marinda, kisha zidisha kwa mbili. Kumbuka patani za zile kampuni nne zina nafasi ya mshono ya sm 1.5 ndani yake, wakati zile za kunakili kutoka jarida la Burda hazina. Usipojua hilo, kipimo chako cha karatasi kitakosea kwa sentimita kadhaa, na nguo pia.

Kitambaa cha kuvutika kina sheria yake. Fulana ya kubana huweza kuwa ndogo kuliko mwili, kwa makusudi. Patani iliyochorwa kwa kitambaa hicho huwa na mstari wa kupimia uvutikaji kwenye bahasha: kunja kitambaa, shika kipande cha urefu ulioonyeshwa, vuta bila kukitesa uone kama kinafika. Kisipofika, hata saizi sahihi haitapanda. Na kamwe usikate patani ya kuvutika kwa pamba ya kawaida ukidhani kupanda saizi mbili kutatosha.

Sketi na suruali

Hapa ni fupi: chagua kwa nyonga, rekebisha kiuno. Isipokuwa sketi pana ya marinda au ya duara, ambayo nyonga zinaelea ndani yake. Hiyo chagua kwa kiuno. Suruali inahitaji kipimo kimoja zaidi. Kaa kwenye kiti kigumu, mgongo wima, pima ubavuni kutoka kwenye lastiki hadi kwenye kiti. Linganisha na karatasi, kutoka mstari wa kiuno hadi usawa wa msamba, na uache sm 1.5 hadi 2.5 za kukalia. Suruali inayokata katikati mara nyingi ina kina kifupi, na kuongeza saizi hakuponyi kitu.

Kuunganisha saizi mbili

Usikate patani yenyewe. Nakili kwenye karatasi nyingine, kwa sababu karibu na kwapa mistari ya saizi zote hubanana kiasi kwamba ukikata mmoja umeipoteza mingine. Paka rangi mstari wako kwanza. Kutoka saizi 16 kifuani kwenda 20 kwenye nyonga, anza kuhama chini ya kwapa na ufike nyonga kwa mkunjo mrefu, laini, usio na kona. Fanya hivyohivyo mbele na nyuma, ukianzia na kuishia usawa uleule, halafu laza mishono miwili ya ubavu pamoja uone kama urefu ni sawa. Ukivuka zaidi ya saizi tatu kwa umbali mfupi mshono utatoka na pembe. Afadhali sehemu ya upana huo uichukue kwenye dati au kwenye mshono wa mgongo.

Patani ya kuchapa nyumbani ina mtego wake. Kwenye mipangilio ya printa chagua asilimia 100, si ile inayobana picha ienee kwenye ukurasa. Chapa ukurasa wenye mraba wa majaribio pekee, upime kwa rula pande zote mbili. Mraba wa sm 10 ukitoka 9.7, kifua cha sm 102 cha nguo kimegeuka 98.9. Umepoteza zaidi ya nusu ya kile kima cha chini cha ulegevu wa kifuani kabla hujagusa mkasi.

Nguo ya majaribio

Kwa nguo yoyote inayokaa karibu na mwili, shona kwanza sehemu ya juu kwa kitambaa cha bei ndogo chenye uzito unaofanana na kile halisi. Shona kwa mishono mirefu, bila kola, bila bitana, bila pindo. Chora kwa kalamu mstari wa katikati ya mbele, wa kifua na wa kiuno juu ya kitambaa hicho. Vaa, simama kawaida, na usome mikunjo.

Mikunjo ya kuvutika huelekeza kidole mahali penye upungufu: ikitoka kwapani na ubavuni kuelekea kwenye titi, titi halina nafasi, na ule mstari wa kiuno utakuwa umepanda mbele. Mikunjo ya mlalo juu ya nyonga inasema nyonga zimebanwa. Nguo itapanda kidogo kidogo kila ukitembea. Kitambaa kikijikusanya mgongoni juu kidogo ya kiuno, tatizo ni urefu na si upana, na hapo unakunja karatasi ya nyuma katikati, ukiishia na sifuri ubavuni. Tundu la mkono likiachama mbele ilhali bega limekaa sawa, saizi si kubwa. Dati ndiyo ndogo. Nyanyua mikono, kaa, vuka mikono kifuani. Mgongo ukikaza unapovuka mikono, ongeza upana kati ya mifupa bapa ya mabega na usihame saizi.

Kwa mwanaume, shati huchaguliwa kwa kifua na shingo, suruali kwa kiuno ikiwa nyonga ni za kawaida. Kwa mtoto, sahau umri ulioandikwa. Soma mzunguko wa kifua kwanza, kata saizi hiyo, kisha ongeza urefu wa mwili, mikono na pindo kufuata kimo chake. Pindo la gauni la mtoto liache sm 5 hadi 8 ili lishushwe anaporefuka, na kwenye karatasi uliyonakili andika tarehe na vipimo vya siku hiyo, maana miezi michache ijayo havitakuwa vyake tena.